Vifaru Vilivyoshuka Pwani

Dada yangu akipiga simu kabla jua halijatoka, ama mtu kafa ama mtu kamuudhi, na ukinambia nichague ntachagua mazishi, maana mazishi yana mwisho. Siku ile alikuwa kaudhiwa.

“Ile kaseti ya baba unayo?”

“Waalaykumu salaam, dada. Mie mzima, na watoto wazima.”

“Nakuuliza kaseti.”

“Ninayo. Imo ndani ya soksi, soksi imo ndani ya mkebe wa halwa, mkebe uko juu ya kabati.”

“Itoe soksini uje nayo Nizwa. Sasa hivi. Na usipitie kwa mtu kupiga domo.”

Mie nakaa Ibra, yeye anakaa Nizwa kwa mwanawe. Mtu wa kawaida mwendo huo humchukua saa moja na nusu. Mie dakika arobaini, maana nimeendesha gari la maji miaka thalathini na barabara ishanizoea, nikikaa tu kwenye usukani yenyewe inajikunja.

Sasa nani kamuudhi? Shemegi yangu wa Sur. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wa dada, mzee wa bahari, kaanza kusafiri hajaota ndevu, na Unguja kaijua bandari yote na Kiswahili chake mpaka leo kinanuka papa. Ukoo wao wote ni wanamaji. Wakaamua wakusanyane kwenye sabla yao, ule ukumbi wao wa harusi na matanga, kila nyumba ilete ukurasa mmoja wa mzee wake aliyekwenda baharini, usomwe mbele ya watu, kisha kurasa zote zifungwe kitabu kimoja. Shemegi ndiye mkubwa wa shughuli. Akampigia simu mpwa wangu, mtoto wa dada, akamwambia, “Andika babu yako wa huku kwetu. Yule wa kule wa jikoni mwache, usitutie aibu.”

Yule wa jikoni ndiye baba yetu.

Dada alipopelekwa Sur bibi harusi, mawifi walimuuliza, na baba yako je, kasafiri? Masikini, akawajibu alivyosimuliwa: baba yangu alikuwa mpishi kwenye manowari wakati wa vita vikuu, huko kwenye Bahari ya Pasifiki, na meli yake ilikuwa ikipanda juu ya mchanga kwa makusudi, inafungua mdomo, inatapika jeshi, halafu inajirudia zake baharini. Mawifi walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo akaitwa binti wa meli ya kupwelewa, chombo kilichoachwa na maji mchangani. Kajifungua, binti wa kupwelewa. Kafiwa na mume, jamani mpeni maji binti wa kupwelewa. Miaka arobaini na zaidi! Mwamba ungelikuwa ushapasuka.

Kwa hiyo dada akamnyang'anya mwanawe simu akamwambia shemegi, baba yangu atasomwa. Shemegi akajibu, “Leteni ukurasa niusikie nyumbani kwanza. Ukiwa wa kweli ntausoma sabla kwa mdomo wangu. Lakini shemegi, nakuomba, asiandike mdogo wako.”

Mdogo wake ndio mie. Hebu niambieni, nimemkosea nini? Eti kwa kuwa siku moja nilisema nimemwona ngamia Al Qabil kapanda juu ya mtende. Nilisema kapanda. Sikusema kafika juu.

Basi nikafika Nizwa na kaseti yangu, na hapo ndipo udhia ulipoanza. Mpwa wangu ana kazi kubwa ya ofisi, ana simu mbili na saa inayomhesabia hatua. Kaishika kaseti kama kashika panya.

“Khali,” akaniita, mjomba kwa Kiarabu chake, “hii kaseti mahala ya kuingiza waya iko wapi?”

“Haina waya.”

“Bila waya inaingia vipi kwenye simu?”

“Haiingii kwenye simu. Inaingia kwenye redio.”

“Redio gani?”

Nyumba ina televisheni nne, friji mbili, na mashine ya kufagia inayojitembeza yenyewe kama kobe, redio ya kaseti hakuna. Tukenda Firq kwenye magereji. Gereji ya kwanza walitucheka. Ya pili walitupa chai, kisha wakatucheka. Ya saba, nasema saba lakini zilikuwa kama ishirini, fundi mmoja akatuonyesha pikapu kuukuu imekaa juu ya matofali, haina tairi hata moja, lakini redio yake nzima. Tukajibana watatu mbele, dada katikati, mpwa na karatasi yake mapajani. Gari haiendi popote na dada kafunga mkanda.

Baba akaanza kusema.

Mie sauti ile nimeisikia mara nyingi, lakini dada alikuwa hajaisikia tangu tumzike. Akashika dashibodi kwa mikono miwili. Hakulia. Dada halii mbele za watu wa gereji.

Baba anaeleza alivyotoka Unguja kijana na meli ya mizigo ya Waingereza, ikamfikisha Australia, ikaharibika huko, akabaki bandarini hana kazi. Ukaja mwito wa watu wa jikoni kwenye meli ya kivita, akenda. Anasema: “Meli ile chini bapa kama sinia. Ikikaa bandarini inayumba, sikwambii ikitoka. Mbele ina milango miwili kama ya duka, inafunguka huku na huku, na ndani mna ubao mkubwa unashuka. Tukiiona pwani hatupunguzi. Tunaipanda. Kisha vifaru vikatoka, kimoja nyuma ya kimoja, na pwani nzima inatetemeka.”

Sasa fundi nje anagonga chuma, ngwa, ngwa, ngwa. Mie nimetoa kichwa dirishani nampigia kelele aache. Mpwa ananivuta kanzu.

“Khali, vifaru hii ni nini?”

“Mnyama! Mkubwa, ana pembe puani! Mtoto mzima hujui kifaru? We fundi, jamani, tunamsikiliza marehemu hapa!”

Mpwa akaandika. Mie nikaendelea na fundi.

Na kosa jengine, hili nalikubali, kila baba akivuta pumzi mie namalizia. Mambo yale nimeyasimulia mara elfu, mdomo unakwenda wenyewe. Dada akawa ananipiga kiwiko cha mbavu. Upande wa kwanza ukaisha, fundi akaja anaitaka pikapu yake, anataka kuishusha injini. Mpwa akauliza upande wa pili je?

“Upande wa pili naujua kwa moyo,” nikamwambia. “Andika, ntakusomea.”

Nikamsomea. Njia nzima ya kurudi nikamsomea.

Siku ya pili yake tukashika njia ya Sur. Dada nyuma na mito yake mitatu, mpwa anaendesha kwa mwendo wa maiti, kwa sababu gari yake inalia kila ikipita kiwango. Tukapita Ibra. Tukapita mlangoni kwangu! Nauona mlango wangu, naiona nguo yangu imeanikwa, nikasema jamani nishuke dakika moja nibadilishe kanzu. Dada akasema, “Ukishuka hapa utamkuta mtu, utaanza na ngamia wako.” Tukapita. Al Kamil nikaomba tusimame tununue chai ya maziwa. Akasema chai iko Sur. Nimebeba maji ya nusu ya wilaya hii miaka thalathini, na siku ile nilikaribia kufa kwa kiu kwenye kiti cha mbele.

Tukafika alasiri. Shemegi katupokea vizuri, huo ndio ubaya wake, mtu huwezi hata kumkasirikia. Kahawa, halwa, tende, karibuni, karibuni. Tukakaa majlisi, chumba cha wageni, mie, mpwa na yeye. Dada akaingia akakaa na sie, umri wake unamruhusu, na mawifi wakawa chumba cha ndani, mlango wameuachia upenyo wa sikio.

“Haya,” shemegi akasema. “Ukurasa.”

Mpwa akasimama, akasoma kwa Kiarabu cha redioni. Mwanzo mzuri. Unguja, Australia, jikoni, meli bapa. Shemegi anatikisa kichwa, mhm, mhm. Halafu mpwa akasoma kuwa meli ikapanda pwani, ikafungua milango, na wakatoka ndani yake karkadani ishirini, mmoja baada ya mmoja, na ardhi ikatetemeka.

Shemegi akaweka kikombe chini.

“Karkadani,” akasema.

“Na'am, ammi,” mpwa akamjibu ami yake.

“Yule mnyama mwenye pembe.”

“Khali kasema mnyama mwenye pembe.”

Hata hiyo ishirini si ya baba, ni yangu. Kule ndani ukasikika mlio kama wa sufuria inayotaka kumwaga, halafu mawifi wakapasuka. Shemegi mwenyewe kofia imemwanguka, machozi yanamtoka, anajipiga goti.

“Shemegi! Baba yenu kapigana na Wajapani kwa vifaru wa porini! Na walikuwa wanakula nini, walahi? Majani au wali wa jikoni?”

“Si hivyo,” nikasema.

“Mliwafunga kamba au walikuwa wamekaa kwenye viti?”

“Shemegi, si hivyo, ni mtoto huyu kafasiri—”

“Mie?” mpwa akasema. “Khali, nimekuuliza! Nimekuuliza vifaru hii nini!”

“Umeniuliza neno! Hukuniuliza maana!”

Mpaka leo sijui nilikuwa nataka kusema nini. Shemegi akajifuta macho kwa msari wake, kile kilemba cha begani, akanihurumia, na huruma yake ilinichoma kuliko kicheko. “Haya, tuyaache ya wanyama. Nambie wewe jambo moja tu la baharini. Chombo kikishapanda mchanga, kizito vile, kinatokaje?”

Hapa ningelinyamaza, yangelikuwa mengine. Lakini mie nikiulizwa swali nyama za mdomo zinawasha. “Wanajeshi mia tisa,” nikasema, “waliteremka wakaisukuma kwa mabega.”

Chumba cha ndani mtu mmoja alianguka. Nilisikia kishindo.

Dada kakaa na mkoba wake mapajani, anauangalia msala uliotundikwa ukutani. Nikamtazama mikono. Ile mikono imelea watoto wa nyumba ile, imeuguza mama mkwe miaka mitatu, na sasa imeukamata mkoba. Akasema polepole, “Redio ya kaseti hapa ipo?”

“Ipo,” shemegi akasema. “Ya visomo.”

Ipo! Tumezunguka Firq nzima, tumejibana kwenye pikapu isiyo na miguu, na redio ipo Sur, imefunikwa kitambaa cha maua, hapo hapo kando ya dalla, birika la kahawa. Nikataka kusema neno. Dada kanitazama. Nikalimeza.

Akaitia kaseti mwenyewe. Baba akasema, dada akamwachia mpaka pale: “Kisha vifaru vikatoka, kimoja nyuma ya kimoja.” Akabonyeza, ikakata.

“Umesikia?”

“Nimesikia vifaru,” shemegi akasema.

“Halafu kasemaje?”

“Wakatoka.”

“Hakusema wakatoka. Sikiliza tena.” Akairudisha. *Vifaru vikatoka, kimoja nyuma ya kimoja.* “Vikatoka. Kimoja. Shemegi, ng'ombe akitoka zizini utasema kimetoka? Utasema katoka. Kijiko ndio kimetoka. Baba angelikuwa anasema wanyama, angelisema wakatoka, mmoja nyuma ya mmoja. Baba kazaliwa Unguja, hawezi kumwita mnyama kama kijiko. Hivi ni vyuma. Vile vyenye mzinga na minyororo ya chini.”

“Dababa?” mpwa akasema.

“Dababa!” nikasema mie. “Ndio! Kifaru cha vita!”

“Sasa wewe mbona hukusema?” dada akanigeukia. “Umekaa miaka sitini unasimulia, mtoto anakuuliza neno moja unampeleka porini!”

Mpwa masikini kwake yote sawa, kitatoka, atatoka, itatoka, mradi kitu kimetoka. Yeye ana haki ya kukosea. Mie nimezaliwa ndani ya lugha hii.

Shemegi akajaza kikombe chake. Lakini mwanamaji humshindi kwa sarufi. “Haya, vyuma. Mabega ya watu mia tisa je?”

“Hayo si ya baba, ya huyu,” dada akasema, akaigeuza kaseti upande wa pili. Ule ninaoujua kwa moyo.

Baba akakohoa. Akasema: “Watu hawaniamini nikiwaambia ilirudi baharini. Ilirudi, na mie nikijua kabla ya wote kama tunaingia pwani, kwa sababu jiko liko nyuma, na huko nyuma ndiko kulikokuwa na nanga yake kubwa. Tukikaribia, meli inakwenda mbio, nanga inaangushwa nyuma. Pale pale, hatujagusa mchanga. Waya wa nanga unalia juu ya kichwa changu na sufuria zote zinaruka. Nikazoea, nikiusikia waya nashika vifuniko. Kisha tukitaka kutoka, mashine inauvuta ule waya, meli inajivuta kwa nanga yake yenyewe kwenda nyuma.”

Shemegi akanyanyua mkono. “Irudishe.”

Dada akairudisha.

“Kabla hajagusa mchanga, kasema?”

“Kabla.”

“Irudishe tena.”

Akakaa kaegemea mbele, kiwiko juu ya goti. Akasema kwa Kiarabu, kisha akakumbuka akageukia Kiswahili chake cha bandarini. “Sisi ikipanda mchanga, tunatia nanga katika mashua, tunapeleka nyuma, mbali, tunatupa, tunavuta. Kazi ya siku nzima. Huyu anaitupa njiani, anakuja. Hili jambo mtu wa jikoni hawezi kutunga. Hata mimi siwezi kutunga.” Akanitazama. “Wewe ndiyo kabisa.”

Kaseti ilikuwa bado inakwenda, hakuna aliyeizima. Baba akasema asubuhi moja alipika chakula cha askari wote aliowaona wakipita mbele ya mlango wa jiko, vijana, wengine wanamtania, mzee pika vizuri, na yeye hata mzee hakuwa. Wakashuka na vile vifaru. Jioni akapakua. Chakula kilichobaki kikapita nusu ya masufuria. Na pale tumboni mwa meli vilipokuwa vimesimama vifaru asubuhi, wakati huo wamelazwa majeruhi chini, safu kwa safu, na yeye anapita katikati yao na birika la maji. “Sikujua nimwage au niweke,” akasema. “Nikaweka. Nikasema labda watakuja.” Halafu kaseti ikakata yenyewe, tak.

Sehemu hiyo mie siisimulii. Naijua, si kama siijui. Lakini ukiisimulia watu hawacheki, wanakaa wanakutazama, na mie sikujua cha kufanya na watu wanaokaa wakanitazama. Nikaweka mabega ya watu mia tisa mahala pake. Dada ndio kwanza kaisikia. Umri wote ule, na alikuwa kaachiwa vichekesho tu.



Shemegi akamwambia mpwa, kaa hapa, futa karkadani. Wakaandika upya pamoja, neno kwa neno, kaseti inakwenda na kurudi. Mie nikaambiwa nimenye chungwa. Kila nikifungua mdomo, shemegi ananyanyua kidole bila ya kunitazama. Nikajaribu kuwasaidia, nikasema tuongeze kuwa sufuria ziliruka mpaka darini, wakasema kasema zinaruka, inatosha. Ukurasa mzima haukuwa na kitu hata kimoja kilichozidi. Sijapata kuona maandishi makavu vile maishani mwangu, na yalikuwa mazuri, na hilo liliniudhi kupita yote.

Walipomaliza shemegi akaukunja. “Khalas. Kesho sabla ntausoma mwenyewe, inshallah.”

“Utausoma sasa hivi,” dada akasema. “Na mlango ufunguliwe.”

“Shemegi, wali ushapakuliwa.”

“Mlango.”

Mpwa akenda akaufungua wazi. Mawifi wamekaa ukutani na vishungi vyao, wazee sasa, mmoja haoni vizuri, mwengine miguu imevimba. Shemegi akasimama, akavaa kofia yake sawasawa, akasoma. Sauti yake ya baharini, hana haja ya spika. Akafika kwenye nanga, akaeleza na ya kwake kidogo, jinsi waya unavyovutwa. Akafika kwenye masufuria, akasoma polepole.

Akamaliza. Wifi mkubwa, yule aliyemtilia jina dada, akasema, “Allah amrehemu.” Kisha akasema, “Mie masikio yangu haya, mwanzo sikuushika vizuri.”

“Rudia,” dada akasema.

Shemegi akarudia. Mie njaa inanitoboa, tangu Nizwa nina tende nne tumboni, nauona wali kwenye sinia na mchuzi wa papa umeanza kuganda. Akamaliza mara ya pili. Wifi mwengine akauliza, na hiyo Pasifiki iko upande gani, ya India au zaidi? Mpwa akatoa simu kuwaonyesha, wote wakainamia simu, ikawa maneno mapya. Nikadhani sasa tutakula.

Dada akavuta mto akaketi kati ya mawifi zake, akamwambia shemegi, “Tangu pale alipotoka Unguja. Taratibu.”